Samadi ya Mheshimiwa

Mume wangu alipata udiwani kwa sababu ya ng'ombe, ingawa sisi wenyewe tulikuwa na mbuzi wawili na kuku wa kuhesabika. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Kijijini kwetu, ukitoka Mpanda mjini ukaipita Magamba, watu hawakuwa na habari kubwa na vyama. Habari yao ilikuwa mahindi. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wameanza kuja na mifugo yao kutoka kaskazini wakateremkia bondeni, ng'ambo ya mto, na kila msimu mahindi yakianza kubeba, ng'ombe walikuwa wanayaona kabla yetu. Mgombea wa upinzani alizungumzia katiba. Mume wangu alipanda juu ya dawati la shule akasema, "Mkinipa kura, ng'ombe watahama kata hii." Akashinda asubuhi na mapema.

Na mimi nilimpa kura yangu, wala si kwa ajili ya ndoa. Mwaka ule karanga zangu zilikanyagwa zote, sikupata hata za mbegu.

Tangu alipoapishwa hakuwa tena baba watoto, alikuwa Mheshimiwa. Watu walimwita hivyo barabarani, kisha wakaja kumwita hivyo nyumbani, na haikupita muda nikamsikia mwenyewe. "Mheshimiwa hajala bado," alisema jioni moja, akiwa amekaa peke yake kwenye kochi. Nikageuka kutazama kama kuna mgeni ameingia.

Mwaka wake wa kwanza haujaisha, halmashauri ikaletewa mradi. Wafadhili walikuwa wameona misitu yetu inakwisha: tumbaku inakaushwa kwa kuni, matofali yanachomwa kwa kuni, magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri gari. Wakasema huu ni wakati wa nishati mbadala, na viongozi ndio watangulie ili wananchi wafuate. Kikaoni wakauliza ni diwani gani yuko tayari mtambo wa mfano ujengwe nyumbani kwake. Mume wangu alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Alirudi akisukuma baiskeli huku anatabasamu peke yake.

"Mama, tumepata gesi."

"Gesi ya nini?"

"Ya kupikia. Na taa juu yake. Hutabeba kuni tena maishani mwako."

Niliweka ungo chini. Mimi ni Mpimbwe, nimezaliwa Kibaoni, na nilianza kubeba kuni kabla sijaanza kusema vizuri. "Inatoka wapi hiyo gesi?"

"Inatengenezwa hapa hapa. Kwa samadi."

"Samadi ya nani?"

Akavua kofia, akaitundika kwenye msumari, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Hayo ni mambo ya utekelezaji," akasema, na akaomba maji ya kuoga.

Mafundi walikuja na saruji, mabomba na soda za kwao wenyewe. Wakachimba shimo kubwa nyuma ya jiko langu, wakajenga ndani yake kuba la matofali mfano wa chungu kilichofunikwa, wakalizika tena kwa udongo, likabaki kinundu tu na mdomo wa kuingizia upande mmoja na wa kutokea upande mwingine. Kijiji kizima kilipita kutazama. Wengine walisema diwani anajenga handaki la kukimbilia wapinzani wakishika nchi. Wengine walisema ni kaburi, amejichimbia mapema ili azikwe kiheshima. Mume wangu alikuwa anasimama juu ya kinundu, mikono mgongoni, anawaeleza habari za misitu.

Siku ya kumaliza, fundi mkuu, kijana mtaratibu aliyekulia kwenye makazi ya Warundi kule Katumba, alituita wote wawili.

"Sasa mnajaza," akasema. "Samadi mbichi, maji kiasi kile kile, mnakoroga iwe kama uji. Mara ya kwanza inahitaji mikokoteni kadhaa. Baadaye ni ndoo chache tu kila asubuhi."

"Mradi utaileta lini?" mume wangu akauliza.

"Utaleta nini, Mheshimiwa?"

"Samadi."

Fundi akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akaona hatanii. "Tuliambiwa kata hii ina ng'ombe wengi kuliko zote."

"Ni kweli," mume wangu akasema. "Lakini nimeahidi kuwaondoa."

Fundi alikusanya vifaa vyake taratibu, akasema watakuja kukagua.

Kwa siku kadhaa lile kuba lilikaa pale tumbo tupu. Mume wangu alianza kulipita kwa mbali. Kisha asubuhi moja, nikiwa napuliza moto machozi yananitoka, akasimama mlangoni.

"Nimefikiria," akasema. "Hili suala ni la jikoni. Mambo ya jikoni ni ya akina mama. Nenda kule bondeni ukaongee na wake zao."

"Nikawaambie nini?"

"Waambie habari za misitu."

Nikajifunga kanga, nikavuka mto. Boma la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mrefu ambaye jina lake lilitajwa kwenye kila mkutano wa hadhara wa mume wangu. Hakuwepo, yuko machungani. Nilimkuta mke wake mkubwa anakamua, mwanamke wa rika langu, bangili nyingi mkononi. Nilikuwa nimejifunza salamu njiani.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka," akajibu, halafu akageukia Kiswahili kwa kunihurumia. "Wewe si mke wa diwani?"

"Ndiye mimi."

"Yule anayesema tuhame?"

"Ndiye huyo."

"Karibu. Kaa." Akanisogezea kigoda. "Umeleta barua?"

"Hapana. Nimekuja kuomba samadi."

Hakunielewa. Nikasema mavi. Akaelewa neno ila hakuelewa shida yenyewe, ikabidi nianze mwanzo: wafadhili, mkono ulionyooshwa, kuba, fundi, mikokoteni. Nilivyokuwa naeleza niliyasikia maneno yangu mwenyewe, na kadiri nilivyoyasikia ndivyo aibu ilivyonipanda.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mumeo hataki ng'ombe wetu."

"Hataki."

"Anataka mavi yao."

"Eee."

Alicheka mpaka akaweka kibuyu cha maziwa chini kisije kikamwagika. Akawaita wake wenzake, akanifanya nirudie. Na mimi niliporudia mara ya pili, nikashindwa kufika mwisho, nikacheka nao. Tangu hapo tukawa marafiki. Lakini mzee aliporudi na kuambiwa, hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mavi tutatoa. Ila aje aombe mwenyewe."

Mume wangu alipoupata ujumbe huo alisema kiongozi hawezi kwenda kupiga magoti kwa mhamiaji. Alisema hivyo kutwa nzima, kwa sauti tofauti tofauti. Ila taarifa ilikuwa imekuja kwamba wakaguzi wa mradi wako njiani, na kuba tupu lingemsema vibaya mjini. Mwisho akavaa suti yake ya mikono mifupi ya kikaoni, akatia kalamu mbili mfukoni, akaniambia nimsindikize eti nimwonyeshe njia, ingawa alikuwa ameshaionyesha njia hiyo kwa mgambo zaidi ya mara moja.

Mzee alitupokea vizuri. Akampa kigoda, akampa maziwa mgando kwenye kata ya kibuyu. Wanaume wengine wa boma wakaja wakakaa. Mume wangu akanywa, akafuta midomo, akasimama.

"Ndugu zangu. Serikali yenu, kwa kushirikiana na wafadhili, katika jitihada za kuhifadhi mazingira..."

"Mheshimiwa," mzee akamkatiza kwa upole, "kaa. Unataka nini?"

Akakaa. "Samadi."

"Sisi shule hatukusoma. Samadi ndiyo nini?"

Alijua vizuri sana. Mume wangu akatazama chini kwenye viatu vyake. "Mavi," akasema.

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe wenu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali gumu. "Chukua. Ng'ombe wetu hawana chama."

Ndiyo ikawa imekwisha. Hakudai malipo, hakuomba aachwe akae, hakutaja mikutano. Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alikuwa amekasirika kuliko kama angefukuzwa. "Anataka nini yule mzee?" akawa anauliza. "Mtu hawezi kutoa tu."

Mikokoteni ya maksai ilikatisha kijiji mchana kweupe, imejaa hadi inadondosha, ikaingia uani kwa diwani. Watu walitoka majumbani. Kwenye mkutano wa Jumamosi mzee mmoja mkulima akauliza inakuwaje. Mume wangu hakubabaika. Alitangaza kwamba kutokana na msimamo wake mkali, wafugaji sasa wamelazimika kuchangia maendeleo ya kata. Alipigiwa makofi. Rafiki yangu wa bondeni nilipomsimulia alisema yeye hakujua kama amelazimika, ila kama makofi yamepigwa ni vizuri.

Tulikoroga uji ule, mimi na dada wawili wa mume wangu, tukaingiza, tukangoja. Siku ya kwanza gesi ilipotoka kwenye bomba nilipeleka kiberiti, ikakizima. Nikawasha kingine, nacho kikazimwa. Fundi alikuwa ametuambia kwamba gesi ya mwanzo haiwaki, tuiache itoke, lakini Mheshimiwa alishaita majirani. Akawaeleza kwamba hii ni hatua ya awali. Baada ya muda, asubuhi moja nikiwa peke yangu, nilijaribu tena bila kutegemea kitu, na moto ukashika. Ulikuwa wa buluu, mdogo, kimya kabisa. Hata sikuita mtu. Niliweka sufuria ya chai nikakaa kuutazama. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kupika ni kulia. Kwamba mwanamke anafungua chungu huku amefumba jicho moja. Chai ilichemka na macho yangu yote mawili yakiwa wazi. Nililia hata hivyo, na moshi haukuwepo wa kuusingizia.

Taa ya sebuleni nayo iliwaka. Ilitokea kwamba miezi ile jenereta la mji lilikuwa likikaa bila dizeli, behewa la mafuta likichelewa huko njiani, na Mpanda mjini kuanzia stesheni mpaka Majengo ni vibatari. Nyumbani kwa diwani wa kijijini, taa inawaka kwa mavi. Wakubwa wa mjini walianza kuja kutembea jioni. Wafanyabiashara wa Majengo ambao zamani hawakumjua mume wangu walikaa chini ya taa ile wakanywa chai yangu, wakasifu uongozi. Yeye alikaa kochi la katikati, mwanga ukimpiga utosini, akawa anasema "sisi tulioanza mapema na nishati mbadala." Asubuhi, aliyevuka mto na ndoo ni mimi.

Sikuchukia kuvuka. Rafiki yangu alikuwa ananisubiri, ameshanikusanyia ya usiku, na tulikuwa tunaongea mpaka jua linapanda. Nilimpelekea karanga, akanipa maziwa. Siku moja nikamleta nyumbani aone. Alisimama mbele ya jiko, akainama, akachungulia chini ya sufuria kama anayetafuta ng'ombe.

"Kwa hiyo hawa ng'ombe wetu ndio wanakupikia ugali."

"Ndio hao."

Akainuka. "Na kwetu? Mbona hawakujenga kwetu, ambako mavi yapo?"

Nilimpelekea mume wangu swali lile wakati wa chakula.

"Wale ni watu wa kuhamahama," akasema. "Huwezi kujenga kitu cha kudumu kwa mtu wa kuhamahama."

"Wanahama kwa sababu unawahamisha."

"Chakula kimepoa," akasema.

Basi yakaja mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, tuliambiwa mgeni rasmi atakuja kuuzindua mtambo wetu, mkubwa wa kutoka Sumbawanga, maana wakati huo sisi bado ni mkoa wa Rukwa. La pili, hoja ya kuhamisha mifugo, ambayo mume wangu aliipeleka halmashauri tangu mwezi wake wa kwanza na kila mtu akaisahau, naye mwenyewe nadhani akaanza kutumaini imesahauliwa, ilifikiwa kikaoni.

Alirudi siku hiyo hatabasamu.

"Imepita?" nikamuuliza.

"Imepita. Kwa kauli moja."

"Na wewe umekubali?"

"Ningefanyaje, mama? Hoja ni yangu."

"Na samadi?"

Alikaa muda mrefu anafungua kamba za viatu. Namjua mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesema jambo moja juu ya dawati, watu wakashangilia, na tangu siku hiyo akawa mali ya lile jambo. "Wakulima waliniamini," akasema. "Nikigeuka sasa hivi watasema nimenunuliwa kwa mavi."

Na kwa kweli ndivyo ambavyo wangesema.

Wafugaji hawakubishana. Walivunja boma, wakapanga vyombo kwenye mikokoteni, wakaelekea kusini, njia ya Kibaoni, kutafuta malisho ya Mpimbwe. Nilivuka mto kuwaaga. Rafiki yangu alinishika mkono akanipeleka nyuma ya lilipokuwa zizi. Walikuwa wamekokota samadi yote ya siku za mwisho wakaifanya kichuguu, wakaifunika majani isikauke.

"Hii ikusukume mpaka mgeni wenu aje," akasema. "Usiaibike."

"Wabeja," nikamwambia, ndilo neno la asante nililokuwa nalo kwa lugha yake, na halikutosha. Vumbi lao liliendelea kuonekana kwa mbali hata nilipofika nyumbani.

Mgeni rasmi alichelewa. Barabara ya Sumbawanga ilikuwa mbaya, akaahirisha, akaahirisha tena. Kichuguu kikawa kinapungua na kilichobaki kinakauka. Nikaacha kupikia gesi, nikaacha kuwasha taa, ili tumtunzie mgeni kile kidogo kinachojikusanya. Nikarudi msituni na panga.

Alipokuja hatimaye, alikuja na msafara, wameumwa na mbung'o njia nzima. Kijiji kilijaa. Nyuma ya nyumba, ambako mgeni hakupelekwa, akina mama tulikuwa tumewasha mafiga matatu makubwa ya kuni, tunapika pilau ya kusherehekea mwisho wa kuni. Kipaza sauti kilikuwa kinaendeshwa na jenereta la petroli lililokodiwa mjini, likinguruma kiasi kwamba hotuba ya hewa safi tuliisikia nusu nusu. Mume wangu alisoma risala. Alishukuru mkoa, wilaya, wafadhili, chama, mafundi na wananchi wote kwa ujumla wao. Nilisubiri nisikie watu wa bondeni wakitajwa. Risala ikaisha.

Kisha wakaja kwenye mtambo. Mgeni alikuwa mtu mchangamfu, anauliza maswali. Akaonyeshwa mdomo wa kuingizia, akaonyeshwa wa kutokea, akasifu. Kisha akageuka huku na huku.

"Na ng'ombe wako wapi?"

Mume wangu akasema, "Wako machungani, mheshimiwa."

"Ahaa. Wengi?"

Mume wangu akatoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. Mgeni, kwa adabu ya kumwokoa mwenzake, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na beseni la kunawia. "Mama ndiye mwenye mali bila shaka. Mama, mnao ng'ombe wangapi?"

Sikupanga kusema nilichosema. Nadhani ni uchovu wa kuni. "Hatuna hata mmoja, mheshimiwa. Walikuwa wa jirani. Halmashauri imewahamisha."

Nilisikia lile jenereta vizuri sana. Nikamwona mume wangu amefumba macho. Halafu mgeni akacheka. Alicheka kwa moyo, akanipiga bega. "Mama ana utani huyu!" akasema, na msafara wote ukacheka, na watu wa kijiji, ambao walijua kila kitu, wakacheka kuliko wote. Mume wangu alifumbua macho akacheka naye. Mpaka leo sijui kama mgeni alidhani kweli ni utani, au aliona utani ndio njia ya karibu ya kutokea pale.

Akaingia jikoni kwangu, akapewa kiberiti, akafungua koki. Moto ukatokea, wa buluu, mzuri. Makofi yakapigwa, kamera ikamulika. Kabla makofi hayajakoma ukayumba, ukawa wa njano, ukapotea. Mgeni alikuwa ameshageuka kwenda kunawa. Picha ilitoka vizuri.

Nilitegemea kugombezwa jioni ile. Mume wangu alikaa gizani sebuleni, akaniita. "Ulisema kweli," akasema, kisha akaongeza, "imenisaidia." Kwa sababu mgeni, katika hotuba ya kufunga, alikuwa amesema anataka viongozi wote wa mkoa wajifunze kutoka kwa diwani huyu na mkewe mcheshi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtambo ulipokufa kabisa, mume wangu akaanza kuitwa kwenye semina kuueleza. Alisafiri kwa treni kwenda Tabora, akasafiri kwa lori kwenda Sumbawanga. Alirudi na fulana zenye picha ya mti na vitabu vya rangi ambavyo nilitumia kuwashia kuni. Nilimwambia hivyo wazi wazi, naye akasema ni vizuri kwamba vinasaidia.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya msiba. Mama yangu mdogo alifariki Kibaoni, nikaenda kuzika. Siku ya soko, nikitafuta mchele wa kurudi nao, nikasikia "Mwangaluka, mke wa diwani!" kutoka upande wa mnada. Alikuwa rafiki yangu wa bondeni. Tulishikana, tukakaa chini pale pale katikati ya watu. Walikuwa wamepata eneo, si zuri, lakini wapo. Aliniuliza kuhusu moto. Nikamwambia ulizimika mbele ya mgeni. Alitaka kujua mgeni alifanya sura gani. Kesho yake akanipeleka kwa mumewe.

Kwao kuna desturi ya kumwachia mtu ng'ombe amtunze: maziwa ni yako, samadi ni yako, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na akizaa mnaelewana. Hawampi mtu wasiyemwamini. Mzee yule alinisikiliza, akakohoa, akasema, "Mpeni mtamba yule mwekundu." Nikasema kwetu ng'ombe wamekatazwa. "Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Vijana wake walimswaga mpaka kwetu. Mume wangu alitoka nje na chupa ya chai mkononi, akamkuta mtamba amesimama uani anakula majani ya ua wa jirani.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wa mzee wa bondeni. Nimeachiwa."

"Mama, unajua sheria ya kata hii?"

"Naijua. Mwenye hoja naishi naye."

Alizunguka yule mtamba mara kadhaa. Nilitegemea mkutano. Badala yake aliingia ndani, akavaa suti ya mikono mifupi, akapanda baiskeli kwenda mjini. Sijui alizungumza nini huko, na kwa muda gani alizungumza habari za misitu, lakini kikao kilichofuata kiliongeza kifungu: katazo la mifugo halitawahusu ng'ombe wa nishati.

Hakuna aliyeeleza ng'ombe wa nishati anatambulikaje. Kwa hiyo msimu haujaisha, kata yetu ikajaa wao. Wakulima wale wale waliompigia makofi juu ya dawati walianza kuleta mmoja mmoja, wawili wawili, kila mtu akisema amechimba au yuko mbioni kuchimba. Wengi hawakuchimba kitu. Lakini wachache walimfuata fundi wa Katumba, wakajenga kweli, kwa matofali yao, na jikoni kwao kukawa na moto kama wangu, uliofufuliwa na yule mtamba. Hivyo naweza kusema kwamba mume wangu alitimiza nishati mbadala katika kata yake, kwa kushindwa kutimiza ahadi yake.

Wananchi hawakumsamehe ahadi ile. Uchaguzi uliofuata, kwenye kura za maoni za chama, aliangushwa na kijana wa mjini aliyeahidi umeme wa nguzo. Kijana yule alisema wakati wa mavi umepita.

Mume wangu aliumia. Kwa majuma alikaa kwenye kochi na redio, hakuna mgeni, hakuna "Mheshimiwa". Mtamba mwekundu alikuwa ameshazaa na gesi yangu ilikuwa inatosha chai na mboga, ingawa maharage bado niliyapika kwa kuni. Asubuhi moja nilikuta ndoo zimekwisha kukorogwa. Kesho yake tena. Alikuwa anaamka kabla yangu, amevaa ile suruali ya kikaoni ameikunja magotini.

Kisha akahamishia kigoda chake jikoni. Zamani mwanamume gani angekaa jikoni? Moshi ungemtoa. Sasa hakuna moshi, kuna joto, na chai iko karibu. Wakaja madiwani wenzake wawili wa zamani, nao wamebwagwa. Wakaja na wazee wa jirani. Wakawa wanashinda humo, wamezunguka jiko langu, wanapanga serikali itakavyokuwa wakirudi. Walisema nchi haina viongozi wa kuona mbali siku hizi. Mmoja aliuliza kama chai imebaki. Nikawaambia wasogeze miguu nipitishe sufuria.